Glovu za magongo ya chini ya maji: maswali tunayoulizwa kila mara hapa Dodoma

Anayecheza nasi kwa mara ya kwanza akitoka majini huangalia vidole vyake, kisha huuliza glovu zinauzwa wapi. Jibu fupi ni kwamba tunatengeneza wenyewe. Jibu refu ndilo hili hapa chini. Tumeegemea zaidi silikoni ya mafundi, ile ya mrija ya kuzibia mianya, kwa sababu haikosekani kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, na tumezingatia hewa ya Dodoma, ambayo kwa kazi hii ina ukorofi wake.

Kwanza, huu ni mchezo gani?

Ni mpira wa magongo unaochezwa kwenye sakafu ya bwawa la kuogelea. Ulianzia Southsea, mjini Portsmouth, Uingereza, mwaka 1954. Alan Blake na wenzake wa klabu ya uzamiaji walikuwa wanatafuta kitu cha kuwafanya wanachama waendelee kufika bwawani majira ya baridi, wakauita Octopush. Timu huwa na wachezaji sita majini na wengine wanne wa akiba, wanaoingia na kutoka bila mchezo kusimama. Hakuna mitungi ya hewa: unavuta pumzi juu kwa neli, unazama, unacheza, unapanda. Kigongo ni kifupi, hakizidi sentimita 35, na unakishika kwa mkono mmoja. Kisahani kinachosukumwa kina madini ya risasi ndani na plastiki nje, uzito wake ni kama kilo 1.3.

Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika Vancouver, Kanada, mwaka 1980. Mwaka 2016 yalikuja Afrika, Stellenbosch kule Afrika Kusini, kwa hiyo usimsikilize anayekwambia ni mchezo wa Wazungu peke yao.

Glovu inakinga nini hasa? Kisahani au sakafu?

Vyote viwili, ila sakafu ndiyo inayoumiza watu wengi. Kisahani kikikupiga kwenye kifundo cha kidole utakisikia, lakini hilo halitokei kila dakika. Sakafu unaikwangua muda wote. Ukishika kigongo sawasawa, kidole cha shahada kinalala juu ya mgongo wa kigongo, vile vingine vitatu vimekunjwa chini, na migongo yake ndiyo inayoburuzwa kwenye marumaru. Ngozi ikikaa majini nusu saa inalainika. Ile mistari ya saruji kati ya marumaru, hasa kwenye bwawa la zamani ambalo saruji yake imeanza kumomonyoka, inafanya kazi ya msasa.

Ndiyo maana glovu ya mchezo huu ni nene upande wa mgongo na nyembamba kiganjani. Glovu nyingi za dukani ni kinyume chake, nene kiganjani na laini nyuma, na kwa sababu hiyo hazitufai zilivyo.

Siwezi kutumia glovu za bodaboda? Ninazo tayari.

Hapana, kama ni zile zenye plastiki ngumu kwenye vifundo. Sheria za mchezo haziruhusu kinga ngumu, na sababu yake ni wenzako: ngumi yenye plastiki ngumu chini ya maji, mahali ambapo watu sita wamebanana kugombea kisahani, itamvunja mtu jino.

Za golikipa zina povu kiganjani, hutakisikia kigongo. Za ngozi za wachomeleaji zinakunywa maji, zinakuwa nzito, na zikikauka zinakuwa kama ubao. Za kitambaa tupu zinasaidia kwa siku moja au mbili kisha vidole vinatokeza.

Rangi ina umuhimu?

Ina umuhimu mkubwa, na watu wanaisahau mpaka glovu imekwisha kukauka. Timu moja hutumia vigongo vyeupe na nyingine vyeusi. Mwamuzi aliye majini anatakiwa aone kama kisahani kimesukumwa kwa kigongo au kwa mkono, kwa hiyo glovu isifanane na kigongo. Kwa kuwa leo utapewa cheupe na kesho cheusi, achana na rangi zote mbili. Rangi ya chungwa nayo iache: ni ya glovu za waamuzi, ili ishara zao za mikono zionekane.

Bahati mbaya silikoni ya dukani huwa nyeupe, nyeusi, ya kijivu, ya kahawia au isiyo na rangi. Tunachofanya sisi ni kununua glovu ya kitambaa ya bluu au ya kijani, kisha tunaipaka silikoni isiyo na rangi, na rangi ya kitambaa inaonekana kwa chini. Ukitaka kutia rangi ndani ya silikoni yenyewe, tumia tone dogo la rangi ya mafuta ya wachoraji. Rangi ya maji haichanganyiki nayo.

Nahitaji vitu gani?

Glovu ya kitambaa inayokubana vizuri. Nailoni ni bora kuliko pamba, maana pamba huoza mapema. Ukizunguka masoko ya Majengo au Sabasaba bila haraka utapata, kwenye meza za vifaa vya kazi au kwenye mitumba. Ivae kabla ya kulipa. Ikipwaya, vidole vitakunja kitambaa ndani na utatoka na malengelenge.

Mrija mmoja wa silikoni na bunduki yake ya kuikamulia. Mrija wa mililita 280 au 300 unatosha glovu moja nzito na kubaki. Kama una fundi wa aluminiamu au wa mabomba mtaani, mwazime bunduki, usinunue.

Tapentaini kidogo ya kuzimulia. Maji yenye sabuni ya vyombo. Kijiti bapa au kadi ya zamani ya kusambazia. Glovu za hospitali kutoka famasi, jozi kadhaa. Mchanga mkavu uliochekechwa na vipande vya waya wa kufungia nondo. Hivi viwili nitavieleza mbele.

Silikoni ipi? Muuzaji ananipa yoyote tu.

Soma mrija mwenyewe. Kwanza hakikisha ni silikoni na si akriliki. Akriliki ni ile ya wapaka rangi ya kuziba nyufa za ukuta. Mirija inafanana, bei yake ni ndogo, na ndani ya maji inalainika na kubanduka.

Pili, ziko silikoni za bafuni zilizotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Kwa bafu ni sawa, kwa kitu kitakachogusa ngozi iliyolowa kwa saa nzima mimi naikwepa. Iliyoandikwa kwamba inafaa kwa matangi ya samaki ndiyo salama zaidi. Ukiinusa ikawa na harufu kali ya siki usishtuke: aina hiyo hutoa asidi ya siki inapokauka, na harufu huisha kazi ikishakamilika. Lakini inachoma macho, kwa hiyo fanyia kazi barazani au nje, si chumbani mlimolala watoto.

Naomba hatua zenyewe.

Anza na umbo. Glovu iliyolazwa mezani ikapakwa ikiwa bapa itakauka ikiwa bapa, na kila utakapokunja vidole utapigana nayo. Inatakiwa ikauke ikiwa imekunja vidole kama iliyoshika kigongo. Chukua glovu ya hospitali, ingiza waya mmoja katika kila kidole, ncha zake ukiwa umezipinda zisitoboe, jaza mchanga mkavu mpaka ishibe, funga mdomo kwa uzi. Umepata mkono. Uvishe glovu yako ya kitambaa, kisha upinde vidole polepole mpaka viwe vimekamata kigongo, au kipande cha mti chenye unene uleule kilichozungushiwa mfuko wa nailoni ili silikoni isikishike. Kidole cha shahada kinyooke kiasi, vitatu vikunjwe, gumba lilale pembeni.

Koti la kwanza, yaani mpako wa kwanza, ni jepesi. Changanya kijiko kimoja cha tapentaini na vijiko vitano au sita vya silikoni, koroga haraka, paka kwenye migongo ya vidole na mgongo wa mkono mpaka inywewe na nyuzi. Koti hili halilindi chochote. Kazi yake ni kushikamana na kitambaa ili makoti yanayofuata yasije yakabanduka kama ganda. Kiganja usikiguse. Ncha za vidole zipate utando mwembamba tu.

La pili ni silikoni tupu, unene wa milimita 2 hivi, kuanzia kwenye kucha hadi nyuma ya vifundo vikubwa vya ngumi. Lipake wakati la kwanza limeshika lakini bado linanata kidogo, kwa sababu silikoni mpya haipendi kushikana na silikoni iliyokwisha kukauka kabisa.

La tatu ni la mahali maalumu. Ongeza kwenye vifundo vya kati vya vidole vitatu vilivyokunjwa, ubavu wa nje wa kidole kidogo na mgongo wa gumba, mpaka jumla ifike milimita 5 au 6. Kwenye mikunjo, yaani katikati ya kifundo kimoja na kingine, acha bonde jembamba. Bonde hilo ndilo bawaba ya glovu. Mtu akilijaza silikoni anapata glovu nzuri kwa macho ambayo haikunjiki. Mwisho chovya kidole kwenye maji ya sabuni, pitisha taratibu juu yake, itateleza na kuwa laini.

Mbona yangu imekaa siku tatu na ndani bado ni uji?

Hili ndilo swali la Dodoma, na kuanzia Juni mpaka Novemba tunaulizwa zaidi ya yote. Watu wanadhani silikoni inakauka kama rangi au kama nguo kwenye kamba, kwamba jua na upepo vitaiharakisha. Sivyo. Silikoni ya mrija inakomaa kwa kunywa unyevu ulio hewani. Unyevu unaingia kwa juu, ngozi inajitengeneza, kisha unapenya kwenda ndani polepole. Maelezo kwenye mirija mingi hutaja milimita 2 hadi 3 kwa saa 24, lakini hesabu hiyo imepigwa kwa hewa yenye unyevu wa asilimia 50. Hewa yetu ya kiangazi mchana, ile inayopasua midomo, haifiki hapo. Mwenzako wa Tanga atamaliza kesho, wewe utasubiri.

Tiba yake ni rahisi. Chukua ndoo kubwa yenye mfuniko, weka chini kitambaa kilicholoweshwa maji, ning'iniza mkono wako wa mchanga ndani bila kugusa maji, funika ukiacha upenyo wa vidole viwili ili ile harufu ya siki itoke. Weka kivulini. Kila asubuhi lowesha kitambaa upya. Na makoti yawe membamba, mengi, badala ya moja nene.

Kuanika juani ni kujidanganya: juu inakuwa ngumu, ndani inabaki uji, na tapentaini iliyonaswa inatengeneza mapovu. Isitoshe upepo wa hapa unaleta vumbi jekundu, na vumbi likitua kwenye koti linalonata, koti linalofuata halishiki.

Nimesikia watu wanachanganya na unga. Ni kweli au ni utani?

Ni kweli, ila si unga wa ugali. Ni wanga wa mahindi, ule laini mweupe wa kuongezea uzito kwenye mchuzi, unauzwa madukani kwenye pakiti ndogo. Wanga hubeba unyevu ndani yake, kwa hiyo ukiukanda na silikoni, unyevu unapatikana kila mahali kwa wakati mmoja badala ya kungojea upenye kutoka nje. Mchanganyiko unakomaa ndani ya dakika chache, si siku. Sembe ina chembe kubwa, itakupa glovu yenye vipele.

Hasara yake: ukizidisha wanga silikoni inakuwa ngumu na inachanika kirahisi ikivutwa. Mimi natumia kwa koti la tatu peke yake, kwenye vile vilima vya vifundo, na wanga usizidi sehemu moja kwa kumi. Kanda kidogo kidogo, maana ukikanda bakuli zima litakugandia mkononi.

Na mpira wa majimaji (lateksi), ule utomvu wa mti wa mpira wenye harufu ya amonia?

Ukiupata, mzuri, na kwa hewa ya hapa una raha yake, kwa sababu wenyewe unakauka kwa kupoteza maji. Kiangazi chetu kinachoichelewesha silikoni ndicho kinachouharakisha huo. Unapaka koti jembamba, linakauka, unapaka jingine, mpaka yafike kumi au zaidi. Ni laini kuvaa kuliko silikoni. Kasoro zake ni kwamba jua na mafuta vinauharibu mapema, na wapo watu ambao ngozi zao hazivumilii mpira wa asili kabisa. Kama glovu za hospitali zinakuwasha au kukuvimbisha, usijaribu.

Naweza kuweka povu la malapa kwenye vifundo?

Unaweza, na linapunguza kishindo cha kisahani vizuri sana. Kata kisigino cha malapa yaliyochakaa, vipande vyembamba vya milimita 4 au 5, kimoja kwa kila kifundo, kingo ukiziteremsha kwa wembe. Tatizo ni kwamba silikoni haishikani na povu. Shona kila kipande kwenye kitambaa kwa uzi wa nailoni kabla ya koti la kwanza, kisha silikoni ikifunike chote mpaka ipite ukingo na kushika kitambaa pande zote. Usipokishona kitaanza kuteleza humo ndani, na ukiingia mchezoni utakuta kinga ya kifundo imehamia kwenye kiganja.

Mpira wa ndani wa baiskeli nao unafaa kwa njia hiyohiyo, ila ni mzito zaidi na kinga yake dhidi ya kishindo ni ndogo. Faida yake ni dhidi ya kukwaruzwa.

Badala ya tapentaini nitumie petroli au mafuta ya taa?

Petroli usiiguse, mvuke wake unawaka hata na cheche ya swichi. Mafuta ya taa yanaacha utando wa mafuta unaozuia silikoni kukomaa. Thina ya magari ni kali, inaharibu glovu za hospitali ukiwa umezivaa na mvuke wake unaumiza kichwa. Kama huna tapentaini, ruka kuzimua kabisa: isugulie silikoni kwenye kitambaa kwa kidole, kwa nguvu, sehemu ndogo ndogo. Inachosha lakini inashika.

Naweza kuivaa mwenyewe wakati wa kupaka, badala ya huo mkono wa mchanga?

Wapo wanaofanya hivyo, na glovu inatoka na umbo la mkono wao kabisa. Basi vaa glovu mbili za hospitali ndani, ukae umeshika kigongo mpaka koti lishike, na uwe na mtu wa kukukunia pua. Kwa makoti mazito haiwezekani.

Watoto je?

Watoto wacheze, wachague rangi, wakate povu. Silikoni na tapentaini ni kazi ya mkubwa. Mtoto anakua, kwa hiyo glovu yake usiijaze sana. Itamfaa msimu mmoja tu.

Bwawa la hoteli litakubali? Hawatasema tunaharibu marumaru?

Wataogopa kisahani zaidi kuliko glovu. Waonyeshe kwamba kimefunikwa plastiki pande zote, na waache wakishike. Silikoni haiachi alama. Angalia pia kina: mchezo unahitaji mita 2 hivi au zaidi, na bwawa la watoto la kufika kiunoni halifai hata kwa mazoezi ya kuzama.

Kuhusu kuchezea mabwawa ya Hombolo na Mtera, tunaulizwa kila mwaka. Hapana. Sakafu yake ni tope, hutaona kitu, maji yaliyotulia ya namna hiyo yanaweza kuwa na konokono wa kichocho, na Mtera kuna mamba na viboko.

Naitunzaje?

Isuuze kwa maji baridi ukitoka bwawani, maana klorini inakula kitambaa kabla ya kula silikoni. Ning'iniza kivulini, mdomo ukiangalia chini. Maji ya bomba ya hapa yana chumvichumvi, yakikaukia ndani yanaacha weupe unaowasha. Ukiuona, loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye kijiko cha siki, halafu suuza tena.

Silikoni ikiisha kwenye kifundo hadi kitambaa kionekane, usingoje kitoboke. Osha, kausha, sugua kwa msasa, futa kwa tapentaini, iache ikauke, paka upya. Kiraka hakishiki kama koti la mwanzo, ila kinaongeza maisha. Kitambaa chenyewe kikianza kuchanika kwenye mishono, ya kwako imekwisha, tengeneza nyingine.

Nitajuaje kama imekomaa na niingie nayo majini?

Nusa. Kama siki bado inasikika, haijaiva. Kisha bonyeza kilima kinene zaidi kwa ukucha. Ikirudi mahali pake haraka, sawa, ikibaki na alama, irudishe kwenye ndoo. Siku ya kwanza ivae ndani ya beseni la maji dakika chache uone kama kuna mahali panakubana. Kata kucha, vua pete. Mwenye kidonda kibichi mkononi asicheze siku hiyo, glovu au bila glovu.

Niko Singida, mnaweza kunitengenezea mkaniwekea kwenye basi?

Kwa wanaoanza, ndiyo. Tandaza mkono unaochezea juu ya karatasi, vidole vikiwa vimeachana, uzungushie kalamu ukiwa umeisimamisha wima. Pima na mzunguko wa kiganja kwa uzi, bila gumba, kisha uandike pembeni. Juu ya karatasi andika kama ni mkono wa kulia au wa kushoto, kwa sababu mchoro ukigeuzwa hausemi, na upande wa silikoni hauwezi kuhamishwa.